Mama aliamka kusali saa kumi usiku, mimi napiga magoti nasinzia

BARUA

Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe.

Nina miaka 36, ni mkunga katika wodi ya wazazi hapa Mwanza. Nimeolewa, tuna watoto wawili. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, nimekulia kijijini huko Bukoba.

Mama yangu alikuwa mlokole wa wale wa zamani. Saa kumi usiku alikuwa ameshaamka. Sisi watoto tukiwa bado kitandani tulisikia mlango wa jikoni ukigwaruza chini, kisha sauti yake ikisema kwa Kihaya, chini chini, mpaka kunakucha. Akimaliza ndipo anawasha moto. Sikumbuki siku aliyokosa.

Alifariki mwezi wa tatu, baada ya kuugua miezi minne. Katika miezi hiyo niliomba kuliko nilivyowahi kuomba maishani. Nilifunga, nilikesha, kikundi chetu cha maombi kiligawana siku za kumwombea. Usiku aliofariki nilikuwa kazini. Nilikabidhi zamu asubuhi, nikawasha simu, nikakuta kaka yangu amenitafuta mara tisa.

Baada ya mazishi, kiongozi wa kikundi aliniita pembeni akaniambia kwa upole kabisa kwamba kama tungeomba inavyotakiwa mama angepona, na kwamba huenda kuna mlango uliachwa wazi katika ukoo wetu. Sikumjibu kitu. Lakini tangu siku ile, nikipiga magoti maneno hayaji. Nasema, "Baba mwema, asante kwa siku ya leo," halafu koo linafunga.

Nikaona dawa ni kumwiga mama. Nikaweka kengele ya simu saa kumi usiku kwa siku ambazo nalala nyumbani. Naamka kweli, napiga magoti kando ya kitanda, nakuja kushtuka saa kumi na moja na nusu shavu limechorwa mikunjo ya shuka. Mume wangu amenikuta hivyo zaidi ya mara moja. Ananifunika kanga, hasemi kitu, na mimi naona aibu.

Wiki za zamu ya usiku ndiyo usiseme. Kila nusu saa lazima nisikilize mapigo ya moyo ya mtoto kwa kila mama aliye kwenye uchungu. Naweka ile pembe ya kusikilizia tumboni, naegemeza sikio, nawaomba walio karibu wanyamaze, nahesabu. Naandika. Nanawa mikono, naenda kwa mwingine. Hapo nitasali saa ngapi?

Katika vitu vya mama nilipewa Biblia yake na daftari alilokuwa akiandika maombi. Nilifurahi, nikajua nitakuta sala zake nizitumie. Nimekuta vineno tu. "Jirani wa bondeni, mguu." "Mvua." "Mwenyekiti, hasira." "Mjukuu, kikohozi." Jina langu lipo karibu kila ukurasa tangu nilipoanza kazi, na mbele yake neno moja: "usiku". Daftari zima ndivyo lilivyo.

Mama, imani yangu imekufa? Nifanyeje nisali kama mama yangu? Na je, nirudi kikundini? Wiki ya sita hii sijaenda.

Mkunga, Mwanza

JIBU

Marahaba, mwanangu. Bwana asifiwe sana.

Pole na msiba. Najua miezi imepita na watu wamekwisha kuacha kukupa pole, ndiyo maana naanza nayo. Pole sana.

Kabla ya mambo ya kusinzia, kuna lile uliloambiwa baada ya mazishi, maana hilo ndilo lililonikosesha raha niliposoma barua yako. Nakuambia bila kuzunguka: si kweli. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake umtoke, na jibu alilopewa ni hili: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Hakuambiwa kwamba hakuomba inavyotakiwa. Bwana Yesu mwenyewe, kule Gethsemane, aliomba mara tatu kikombe kimwepuke, na bado alikinywa. Nani kati yetu atasimama aseme Yesu aliacha mlango wazi? Mama yako aliugua na akafa, kama wanavyougua na kufa watu wa Mungu tangu zamani. Maombi yenu ya miezi minne hayakupotea. Alikufa ameshikwa na maombi pande zote, na wapo wengi wanaokufa bila hata mtu mmoja wa kuwataja.

Kiongozi wako simchukii. Wengi wetu tukikosa la kusema msibani tunatafuta sababu, kwa kuwa kifo chenye sababu kinatutisha kidogo kuliko kisicho nayo. Lakini neno lake limekaa katikati yako na Mungu, na nadhani ndilo linalofunga hilo koo.

Tazama unavyoanza. "Baba mwema, asante kwa siku ya leo." Ni maneno mazuri, nami nayasema. Ila wewe kwa sasa siyo uliyo nayo moyoni. Nikisoma kati ya mistari yako nasikia kitu kingine: "Niliomba, kwa nini hukumponya? Nilikuwa nawapokea watoto wa wenzangu, mama yangu anakata roho bila mimi." Hiyo ndiyo sala yako ya mwezi huu, mwanangu, na bado hujaisali. Umeiacha nje ya mlango ukaingia na ya heshima, na Mungu anayekujua mpaka mifupani anakungoja uilete ile ya nje.

Unaogopa kwamba kumwambia hivyo ni utovu wa adabu? Fungua Zaburi ya 13. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hayo ni maneno ya ibada, watu wa Mungu waliyaimba. Kisha soma ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikatoa shukrani, lakini hiyo haigeuki. Neno lake la mwisho ni giza. Waliotukabidhi Maandiko waliiacha hivyo hivyo ilivyo, na mimi nashukuru, kwa sababu mwaka niliomzika mume wangu ndiyo zaburi pekee niliyoweza kuisoma mpaka mwisho bila kujiona mwongo. Isome kwa sauti. Kama machozi yako yanajua Kihaya, isome kwa Kihaya.

Umeniandikia habari za mama yako mlokole, nami nimekulia Karagwe katika nyumba kama hiyo. Uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukapita Uganda ukatufikia, uliwakuta wazazi wangu wakiwa vijana. Leo watu wakiuzungumzia wanakumbuka nyimbo na mikutano mikubwa. Mimi nakumbuka jioni za ushirika, watu wamekaa juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, na mzee mmoja anasimama anasema, "Juzi nilimdanganya mke wangu bei ya kahawa." Basi, ndiyo yote. Kimya kidogo, mkewe anamtazama, halafu mtu anaanzisha Tukutendereza na wote wanaipokea. Nilikuwa mtoto, lakini nililielewa lile: watu hawa wanaogopa kuliko yote kusema mbele za Mungu jambo lisilo la kweli. Saa kumi usiku ilikuja baadaye, ilikuwa tunda la ule ukweli. Ukitaka kufuata nyayo za mama yako, anzia kwenye mizizi.

Na hiyo kengele izime leo.

Nasema kwa dhati. Wewe unakesha kazini, unalea watoto, una msiba mbichi, halafu mwili huo huo unauamsha saa kumi na kuukasirikia ukilala. Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika hakuja kumwuliza kwa nini hajasali. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena, naye malaika akarudi mara ya pili na chakula. Ile sauti ndogo, ya utulivu, ilikuja siku nyingi baadaye, mtu akiwa amekula na kulala. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ile tuliyokaririshwa kwenye kipaimara, Luther ameweka sala fupi ya jioni, na baada yake agizo lake ni kwamba ukalale mara moja kwa moyo mchangamfu. Hakuongeza mkesha. Na Zaburi ya 127 inasema: "Yeye humpa mpenzi wake usingizi." Mumeo anapokufunika kanga pale kando ya kitanda, mimi hapo sioni aibu yoyote. Naona mstari huo ukitimizwa na mikono ya mtu.

Tena nikuulize: yule mama wa saa kumi, unamkumbuka ukiwa na miaka mingapi? Saba, minane? Waulize shangazi zako alisali vipi mtoto wa kwanza akiwa bado ananyonya. Mama yangu mimi alizaa saba. Miaka ile hakuwa na saa yake hata moja, kwa hiyo alisali akimenya ndizi. Anakaa kwenye kigoda, kisu kidogo mkononi, vidole vimeshika weusi wa utomvu, na kila ndizi anayoitumbukiza kwenye maji anataja mtu. Nilikuwa nahesabu. Siku ya wageni walitajwa watu wengi, kwa kuwa ndizi zilikuwa nyingi. Sisi tulipokua tukaondoka ndipo alipopata alfajiri yake mwenyewe. Sala hubadilika mtu anavyobadilika, na yako ya miaka 36 haiwezi kufanana na ya bibi wa miaka 70.

Sasa ulipouliza "hapo nitasali saa ngapi", jibu ulikuwa umeshaliandika mstari mmoja juu yake. Unanawa mikono. Mlifundishwa kunawa kwa sabuni sekunde 40 hadi 60, sivyo? Baba Yetu ikisemwa polepole inaenea humo. Na usiku mmoja unanawa mara ngapi? Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake, Petro, barua ya kumfundisha kusali, akamshauri aichukue Baba Yetu ombi moja moja, alitafakari, aligeuze kuwa sala yake. Fanya hivyo kwenye sinki. Zamu hii yote chukua moja tu: "Utupe leo riziki yetu." Povu mkononi, unalisema kwa ajili ya yule wa kitanda cha tatu ambaye hajaletewa hata uji. Zamu ijayo chukua lingine. Ukifika kwenye "Mapenzi yako yatimizwe" na ukashindwa kulitamka kwa sababu ya mama, mwambie Mungu, "Hili siliwezi leo," kausha mikono, endelea na kazi. Hapo umesali.

Ipo na nyingine ya haraka kuliko hiyo. Nehemia alisimama mbele ya mfalme na kikombe cha divai, mfalme akamwuliza anataka nini. Anasema: "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni. Nikamwambia mfalme." Kati ya swali na jibu lake, pumzi moja! Nawe unazo pumzi kama hizo, mlango wa wodi unaposukumwa na mgonjwa mpya akaingia.

Lakini pale kwenye pembe, usisali maneno. Hesabu. Katika barua ile ile Luther anamwambia Petro kwamba kinyozi mwema hukaza mawazo na macho kwenye wembe, maana akipiga soga anaweza kumkata mtu pua au hata koo. Na sala nayo inataka umakini wa namna hiyo. Wewe unao tayari. Unawanyamazisha walio karibu, unaegemeza sikio kwa mtu ambaye hujamwona, unangoja mpaka umsikie. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kumsikiliza Mungu, na ilinichukua miaka. Wewe unafanya kila nusu saa. Siku moja ukiwa nyumbani, watoto wamelala, jaribu kukaa dakika tano vivyo hivyo, bila kuomba kitu, kama unayetafuta mapigo. Usipoyasikia siku hiyo, wewe mwenyewe unajua la kufanya: mkunga hasemi mtoto hayupo kwa kuwa hajampata mara ya kwanza. Anasogeza pembe.

Na usiku ambao hata hayo hayawezekani, shika Warumi 8. Nadhani sura hiyo ingeeleweka vizuri zaidi kama ingefafanuliwa na wakunga. Paulo anasema viumbe vyote "vinaugua pamoja, navyo vina utungu pamoja hata sasa". Utungu, mwanangu, neno la wodini kwako. Mistari michache mbele anasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Mama aliye kwenye uchungu akikulilia "uuuwi" tu, wewe humwambii ajieleze vizuri. Unajua amefika wapi, anahitaji nini, na unamsogelea. Koo lako linapofunga, Roho anakusikia kwa sikio kama hilo.

Kuhusu kikundi, pumzika kwa sasa. Huna deni. Nenda kwa mchungaji wa usharika wako, mweleze neno uliloambiwa, ili asiambiwe mwingine. Ibada ya Jumapili usiiache, wala Meza ya Bwana. Siku utakayoshindwa kusema "Namwamini Mungu Baba" pamoja na wengine, simama tu, wao wataisema na wewe utakuwa ndani yake. Mtafute dada mmoja wa kusali naye, mwenye masikio kuliko mdomo. Na ukiona usingizi umekukimbia kabisa, au chakula hakipiti, au kazi inakushinda wiki kwa wiki, mwone daktari kama ambavyo ungemshauri mgonjwa wako. Huko nako Mungu yupo.

Uliuliza kama imani yako imekufa. Mtu aliyekufa imani haandiki barua ndefu hivi akilia kwamba hawezi kusali. Yule baba wa kwenye Injili ya Marko alipaza sauti, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake aliponywa kwa sala hiyo nusu nusu.

Nimeliacha daftari la mwisho, kwa sababu nimelifikiria kuliko mengine yote. Unasema ulitafuta sala ukakuta vineno. Mwanangu, hizo ndizo sala. "Jirani wa bondeni, mguu." Nini kimepungua hapo? Mungu anamjua jirani, anaujua mguu. Kumbe ile sauti mliyoisikia mpaka kunakucha ilikuwa ya mwanamke aliyewabeba watu mmoja mmoja, kila mmoja na neno lake. Na umeona lako. Kengele ya simu inakuamsha saa kumi upate kuwa kama yeye, na miaka yote hii saa kumi ile ile, ukiwa umeinama kwenye pembe unahesabu, yeye alikuwa jikoni anataja jina lako na kusema "usiku".

Tafuta ukurasa wa kwanza mtupu baada ya mwandiko wake. Usinunue daftari jingine, andika humo humo. Anza na neno moja tu, hata kama ni "Mama, kwa nini". Wanao wawili waandike. Yule wa kitanda cha tatu, mwandike kwa kitanda chake.

Mimi nina daftari langu pia, na kabla ya kulala nalifungua. Jina hukunitajia, kwa hiyo nimeandika hivi: "Mkunga wa Mwanza, usiku."